Je, wanawake wa India hawakuwa na mali kabla ya sheria za kisasa?

Wengi huamini kwamba mwanamke wa India hakumiliki chochote hadi sheria za karne ya 20 zilipompa haki hiyo. Imani hiyo haikuzuka hivihivi. Katika familia nyingi za Kihindu, ardhi ya ukoo ilikwenda kwa watoto wa kiume, na sheria ya 1937 ilimpa mjane fungu la kutumia maishani mwake tu. Umiliki kamili ulikuja 1956. Mabinti wakawekwa sawa na kaka zao katika mali ya ukoo mwaka 2005.

Hata hivyo, kunyimwa ardhi si sawa na kutokuwa na mali. Kwenye mawe ya Sanchi, mahali patakatifu pa Wabudha katikati ya India, yaliyochongwa takriban miaka 2,000 iliyopita, yamo majina ya wanawake waliotoa sadaka, watawa wa Kibudha wakiwemo. Sheria za kale za Kihindu zilitambua stridhana, yaani vito na zawadi za mke. Mwaka 1613 Wareno waliteka meli kubwa ya biashara iitwayo Rahimi. Mwenye meli alikuwa mama wa mfalme wa Kimughal, nasaba iliyotawala sehemu kubwa ya India wakati huo. Mwanamke mwenye meli, miaka 400 iliyopita! Naona historia hiyo inastahili kufundishwa zaidi.

Ukisikia dai la namna hii, uliza kwanza: mali gani, jamii gani, mwaka gani? Kisha soma sheria yenyewe. Ile ya urithi ya 1956 inapatikana mtandaoni, na kifungu cha 14, kinachohusu umiliki wa mwanamke, ni kifupi.