Kwa nini mashine itushinde sataranji, kisha ishindwe na njiti ya kiberiti?

Mwezi Mei 1997, jijini New York, Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji, alishindwa na Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Ilikuwa na uwezo wa kupima mipangilio milioni 200 hivi ya kete kwa sekunde moja. Lakini zitazame picha za pambano lile kwa makini. Mbele ya Kasparov ameketi mtu, mhandisi mwenye suti, anayesoma kwenye skrini hatua iliyoamuliwa na kompyuta, kisha ananyoosha mkono na kuisogeza kete.

Nimeziona picha hizo mara nyingi, na kwa miaka mingi mhandisi yule nilimhesabu kama sehemu ya samani. Nilichokiona mimi ni kwamba ngome ya mwisho imeanguka. Kama mashine imeweza sataranji, nilisema, basi kufua, kukunja shuka na kuwasha jiko ni suala la miaka miwili mitatu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: kazi zote za binadamu zimepangwa kama vidato vya ngazi. Chini kabisa kuna kushika, kutembea, kutambua kwamba hiki ni kikombe. Juu kabisa kuna hisabati na sataranji. Aliyefika juu bila shaka amevipita vya chini. Inaonekana sawa, na ni kosa tupu, kwa sababu ngazi hiyo inapima jasho letu tu. Ugumu wa kazi yenyewe haiugusi. Sataranji hututoa jasho kwa kuwa tunaicheza kwa sehemu ya akili iliyo mbele ya macho yetu, tukijisikia kila hatua tunavyofikiri. Kikombe hakitutoi jasho kwa kuwa kazi yote inafanyika nyuma ya pazia, nasi tunaletewa matokeo tu. Ni kama mtu anayebonyeza swichi, taa ikawaka, akadhani umeme ni jambo dogo maana yeye ametumia kidole kimoja.

Nilijifariji nilipojua waliokosea kabla yangu. Mwaka 1966, watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, walipanga mradi wa kuifundisha kompyuta kuona: itenganishe vitu na mandhari yaliyo nyuma yake, ikiwezekana ivitaje kwa majina. Kazi walipewa wanafunzi, na muda uliotengwa ulikuwa likizo moja ya kiangazi. Kazi hiyo ilikuja kuwashughulisha watafiti kwa miongo kadhaa. Mwaka 1988 Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, aliliweka jambo hili bayana: ni rahisi kiasi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima katika majaribio ya akili, ila ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kwenda.

Ugumu uko wapi hasa? Chukua njiti ya kiberiti.

Ubao wa sataranji una miraba 64, na kila kitu kinajulikana. Farasi akiwekwa hapa, yuko hapa, hatelezi, havunjiki. Njiti haina adabu hiyo. Ukiibana sana inakatika, ukiilegeza inapinda mkononi unapoikwaruza. Kiasi sahihi kiko katikati, na hakitulii: mara njiti inapogusa ubavu wa kiberiti, nguvu inayoisukuma inabadilika, na vidole vinapaswa kubadilika nayo. Ngozi ya kiganja kimoja na vidole vyake ina vihisio vya mguso takriban 17,000. Kitu kikianza kuteleza, hata kwa kiasi ambacho jicho halikioni, vihisio hivyo hutoa taarifa, na mkono hukaza ndani ya sehemu kama moja ya kumi ya sekunde. Wewe mwenyewe hupati habari.

Na huo ni ulinzi wa dharura tu. Kwa kawaida mkono hausubiri kuteleza, kama vile dereva mzuri hasubiri gari litoke barabarani ndipo akate usukani. Unapoinua kikombe, vidole vinakaza sambamba na kuinua kwenyewe, kwa kiasi kilichokisiwa mapema: hiki kizito, hiki kimelowa, hiki cha karatasi. Makisio haya hayaonekani mpaka yakosee. Umewahi kushuka ngazi gizani ukidhani bado kuna kidato kimoja, kumbe zimeisha? Ule mshtuko wa mguu ndio ushahidi kwamba mwili ulikwisha kukisia sakafu ilipo na kujiandaa.

Roland Johansson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Umeå, Sweden, alilionyesha hili kwa njia inayokera kuitazama. Mtu anaombwa awashe kiberiti. Anawasha bila shida. Kisha ncha za vidole zinatiwa ganzi. Misuli ni ileile, macho yanaona, ubongo haukuguswa, na kuwasha kiberiti anakujua. Anaokota njiti, inamponyoka. Anaiokota tena, inageuka vidoleni. Kwa muda huo mkono wake unafanana sana na wa roboti.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni ya umri: kushika na kutembea kumenolewa kwa mamilioni ya miaka, wakati sataranji ina kama miaka 1,500 tu. Nayapenda, lakini nayashika kwa vidole viwili, maana ni vigumu kuyapima. Hupewa nguvu na hesabu moja ya kushangaza: kati ya seli za neva bilioni 86 hivi za ubongo, takriban bilioni 69 zimo kwenye serebelamu, kifundo cha kisogoni kinachoratibu mienendo. Hata hapo tahadhari inahitajika, kwani serebelamu ina shughuli nyingine pia, na wingi wa seli si kipimo cha ugumu.

Tena, roboti wa leo hupiga hata sarakasi. Nadhani ni kwa sababu anayepindua mwili wake anashughulika zaidi na kitu anachokijua, uzito wake na urefu wake, ilhali njiti ni mgeni kila inapookotwa.

Mwaka 1770, mbele ya malkia Maria Theresa huko Vienna, Austria, mvumbuzi Wolfgang von Kempelen alionyesha sanamu ya mtu iliyocheza sataranji. Ilikuwa ulaghai: ndani ya sanduku alijificha mchezaji wa kweli, na mkono wa mbao ulisogeza kete kwa vyuma na vijiti. Akili ya mtu, mkono wa mashine. New York, miaka 227 baadaye, ilikuwa kinyume chake kabisa, na hapakuwa na haja ya kumficha mtu yeyote.

Kuna jambo moja la sarufi lililonisumbua nikiandika haya. Juni 2015, huko Pomona, California, roboti zaidi ya 20 walishindanishwa kufungua milango, kupanda ngazi na kutumia vifaa vya kutoboa ukuta. Wengi walianguka. Mmoja akifikia kitasa anasita, anayumba, anadondoka chali kama gunia, na watazamaji wanaguna kwa huruma. Deep Blue nimeiita "ilikuwa" na sikufikiri mara mbili. Hawa waliobwagwa na kitasa, kalamu yenyewe iliandika "walianguka", na nilipojaribu kuifuta niweke "zilianguka", sentensi ikakataa.