Tofali la taka lina maana gani, na lini linaitwa endelevu?

Tofali la taka ni tofali ambalo sehemu ya malighafi yake, au ya moto uliolichoma, imetokana na mabaki ambayo yangetupwa: pumba za mpunga, maranda, majivu au plastiki. Huitwa endelevu pale tu utengenezaji wake unapookoa kitu kinachokwisha, na hapa Tabora kitu hicho ni kuni. Tofali letu tulilolizoea hufyatuliwa kwa udongo, hukaushwa juani, hupangwa tanuri, kisha huchomwa kwa magogo ya miombo. Misitu hiyo hiyo ndiyo inayokausha tumbaku na kutoa mkaa, na humo ndimo nyuki wa Sikonge wanamopata maua.

Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba tofali lina taka. Lazima tuulize taka hiyo inafanya kazi gani. Pumba zikichochewa tanurini badala ya magogo, miti imepona, ingawa moshi uko pale pale. Zikichanganywa kidogo na udongo mbichi, huungulia ndani ya tofali na kuacha vitundu, nalo huwa jepesi. Zikizidi, tofali hunywa maji na kumeguka.

Kazi ninayoiona kuwa na manufaa zaidi ni ya majivu yake. Mpunga wa Igunga au Nzega ukikobolewa, takribani moja ya tano ya uzito wake ni pumba, na pumba zikiungua hubakiza majivu karibu moja ya tano ya uzito wao, yaani tani moja ya mpunga hutoa kilo 40 hivi. Majivu hayo yana silika nyingi, yaani madini yaliyomo pia kwenye mchanga, ambayo huungana polepole na chokaa inayotokea saruji inapoloa, ikashika kama saruji yenyewe. Ndiyo maana yanaweza kuchukua nafasi ya sehemu moja kati ya kumi ya saruji. Sharti ni moto wa wastani, usiopita sana nyuzi 700, kwa kuwa moto mkali huigeuza silika kuwa fuwele isiyoshika. Sugua majivu kati ya vidole: meusi tii bado yana kaboni nyingi, ya kijivu hafifu ndiyo ya kusaga hadi yawe laini kama unga wa muhogo.

Mchanganyiko wa udongo wa kichuguu, mchanga, saruji na majivu hushindiliwa kwa mashine ya mkono, likapatikana tofali la kufungamana, yaani linaloshikana na jenzake kwa umbo lake, lisilohitaji tanuri kabisa. Linahitaji kivuli na kumwagiliwa kwa siku 7 au zaidi, na lenye majivu livumiliwe hata wiki nne. Kuliacha juani siku ya pili ni kuiharibu kazi yote.

Plastiki ni habari nyingine. Jijini Nairobi, Nzambi Matee ameichanganya na mchanga kutengeneza matofali ya kutandika njia, na huko inafaa. Kwenye ukuta wa nyumba ya kulala ni hatari, kwa sababu plastiki hulainika na kuwaka moto unapotokea, na mabomba ya PVC yasiyeyushwe kamwe, kwani hutoa gesi yenye sumu.

Kabla ya kujengea, tumbukiza tofali moja la kushindiliwa lililokomaa kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi likune kona kwa ukucha. Zikitoka chembe chache tu, endelea kufyatua. Likiacha tope mkononi, rudi kwenye mchanganyiko.