Matabaka Ndani ya Mitandao ya Kijamii: Orodha Yako ya Marafiki Iliandikwa Wapi?

Hadi mwishoni mwa 2022, chini ya kila ujumbe uliotumwa Twitter palikuwa na maneno madogo ya kijivu yakitaja kifaa alichotumia mwandishi: iPhone, Android au kompyuta. Wengi hawakuyajali, ila mwenye jicho la kuyasoma aliyasoma. Kampuni ya simu ya Huawei iliwatumia wateja wake salamu za mwaka mpya wa 2019, na chini yake pakaonekana kwamba zimetumwa kwa iPhone. Watu walicheka mpaka basi. Wafanyakazi wawili wakashushwa vyeo na kukatwa mshahara. Kwa mtu wa kawaida, maneno yale yalifanya kazi nyingine ya kimyakimya. Kabla mgeni hajaisoma hoja yako, yalikuwa yamekwisha kumdokeza mfuko wako una uzito gani.

Sisi tunaofundisha mawasiliano huulizwa mara kwa mara kama mitandao ya kijamii imefuta matabaka. Swali lina mantiki. Mlinzi na mkurugenzi wake wana akaunti mahali pamoja, wanaweza kutoa maoni chini ya posti ileile, na hakuna anayewauliza cheti mlangoni. Jibu langu ni kwamba kujisajili ni kwa wote, lakini ujirani si wa wote. Tabaka huingia mtandaoni kupitia orodha ya marafiki, na orodha hiyo huandikwa nje ya mtandao: darasani, kazini, mtaani, katika ukoo uliozaliwa. Mtandao unaikuta tayari, kisha unaikoleza wino.

Kisa kinachoonyesha jambo hili waziwazi kuliko vyote ninavyovijua kilitokea Marekani kati ya 2004 na 2009. Facebook ilifunguliwa Februari 2004 katika Chuo Kikuu cha Harvard, na bila anwani ya barua pepe ya chuo hicho hukuweza kuingia. Mwezi uliofuata wakaongezwa wanafunzi wa Columbia, Stanford na Yale. Vikafuata vyuo vingine, halafu shule za sekondari Septemba 2005, na Septemba 2006 ndipo mlango ulipofunguliwa kwa yeyote mwenye umri wa miaka 13 na kuendelea. Ina maana kwamba kwa zaidi ya miaka miwili, aliyekuwa na rafiki ndani ya Facebook mara nyingi alikuwa mtu mwenye kaka, dada au binamu chuoni. MySpace, mtandao mwingine wa kijamii ulioanza 2003, haikuwa na sharti hilo. Ilijaa wanamuziki, mashabiki wao na vijana wa kila aina.

Kurasa zenyewe zilitofautiana kama vyumba vya watu wawili. Ukifungua wasifu wa MySpace, wimbo ulianza kulia kabla hujaona lolote. Nyuma pana picha iliyorudiwarudiwa, herufi za waridi juu ya rangi nyeusi, nyota zinazometameta, na safu ya marafiki wanane bora ambayo ilivunja urafiki mwingi. Mwenye ukurasa alikuwa amebandika misimbo ya kompyuta kwa mikono yake hadi ukafanana naye. Facebook ilikuwa nyeupe na buluu kwa kila mtu, na hakuna aliyeweza kugusa chochote. Wapo walioona huo ndio usafi na ule mwingine ni ushamba. Mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, alikuwa ameandika mwaka 1979 kwamba ladha ni mojawapo ya njia ambazo matabaka hujipambanua, kwa kuwa mtu husema tu “sipendi vitu vya namna hiyo” bila kujiona anasema “sipendi watu wa namna hiyo”. Mimi binafsi, nikizikumbuka kurasa zile za kumetameta, naona ufundi uliokuwamo kuliko ushamba.

Juni 2007, mtafiti danah boyd (yeye huliandika jina lake kwa herufi ndogo, nasi tumheshimu) alichapisha insha iliyozua mjadala mkali. Alikuwa ametumia muda mrefu akizungumza na vijana wa shule, na aliona wanagawanyika. Waliotoka katika familia zilizotarajia watoto waende chuo walikuwa wakihamia Facebook, na watoto wa wafanyakazi wa kawaida, wahamiaji na wale waliotengwa shuleni walikuwa wakibaki MySpace. Alitoa mfano wa jeshi. Mwezi uliotangulia, wizara ya ulinzi ya Marekani ilikuwa imeifungia MySpace katika kompyuta zake pamoja na tovuti nyingine kadhaa, kwa maelezo kwamba zinakula uwezo wa mtandao. Facebook haikuguswa. boyd akaeleza kwamba askari wa vyeo vya chini walikuwa MySpace, na maofisa walikuwa Facebook.

Alipingwa kwamba ushahidi wake ni wa kuona na kusikia tu. Mwaka huohuo, mtafiti Eszter Hargittai akatoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 1,060 wa mwaka wa kwanza katika Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago. Hao wote walikuwa wamefika chuo kikuu, kwa hiyo mtu angetarajia tofauti zimefifia. Hazikufifia. Wenye mzazi aliyemaliza chuo walielekea zaidi kutumia Facebook, na ambao wazazi wao hawakumaliza sekondari walielekea zaidi MySpace.

Waswahili tuna msemo kwamba ndege wafananao huruka pamoja, na msemo huu hutajwa sana pindi mada hii inapozungumzwa, kana kwamba kila mtu alichagua kundi lake angani. Lakini wale ndege walikuwa wamewekwa katika matundu tofauti kabla ya kuruka. Aliyejenga tundu la kwanza aliweka anwani ya barua pepe kuwa mlango. Kufikia 2009 Facebook ilikuwa imeipita MySpace hata Marekani kwenyewe, na MySpace, iliyonunuliwa na kampuni ya habari ya News Corporation kwa dola milioni 580 mwaka 2005, ikauzwa kwa takriban dola milioni 35 mwaka 2011. Baadaye boyd alikulinganisha kuhama huko na familia za Wazungu zilivyokimbilia vitongojini baada ya watu weusi kuhamia katika miji ya Marekani. Na Brazili walikuwa na neno lao la dharau, lililotokana na mtandao wa Orkut, la kulalamikia mtandao wowote ulioanza kujaa walalahoi.

Mbinu ya mlango haijafa. Clubhouse, mtandao wa mazungumzo ya sauti, ilianza 2020 kwa walioalikwa tu, tena wenye iPhone tu; wa Android wakasubiri hadi Mei 2021. Alama ya tiki ya buluu ya Twitter, iliyokuwa ikitolewa bure kwa watu mashuhuri, iligeuzwa kuwa bidhaa ya dola 8 kwa mwezi mwishoni mwa 2022, na majibu ya mwenye kulipa yakawa yanapandishwa juu ya majibu ya asiyelipa.

Sasa hebu tuliangalie jambo hili kwa hesabu kubwa zaidi. Mwaka 2022 mwanauchumi Raj Chetty na wenzake walichapisha uchambuzi wa urafiki bilioni 21 wa watumiaji wa Facebook milioni 70 hivi nchini Marekani, wenye umri wa miaka 25 hadi 44. Waliwagawa watu nusu kwa nusu kwa hali ya kiuchumi, kisha wakauliza swali jepesi: katika marafiki wa mtu wa nusu ya chini, wangapi ni wa nusu ya juu? Waligundua kwamba idadi hiyo inaenda sambamba na nafasi ya mtoto maskini kuinuka, zaidi kuliko vipimo vingine vya mahusiano walivyovipima. Wanakadiria kwamba mtoto wa familia maskini akikulia penye urafiki wa kuvuka matabaka kama ule anaokulia mtoto wa wenye nacho, kipato chake ukubwani kingekuwa juu kwa 20% kwa wastani.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale walipotafuta chanzo cha pengo hilo la urafiki kati ya matabaka. Takriban nusu yake inatokana na watu kutokutana kabisa, kwa sababu shule, mitaa na kazi zao ni tofauti. Nusu nyingine hutokea hata wakiwa mahali pamoja, kwa kuwa ndani ya shule ileile kila kundi linakaa na lake. Upendeleo huo ulipungua katika vikundi vya dini na ukazidi katika makundi makubwa, ambako kuna nafasi ya kutosha kumkwepa mtu bila kuonekana unamkwepa. Anayesimamia kikundi cha watu elfu kadhaa na kujivunia mchanganyiko wake aikumbuke hesabu hiyo.

Kipengele cha Facebook cha kupendekeza “watu unaoweza kuwafahamu” kinajengwa juu ya hali hiihii. Kinatazama marafiki mnaoshirikiana, shule na kazi ulizozitaja, vikundi ulivyomo, na namba za simu ulizoruhusu zipakiwe. Kila kimojawapo kinabeba tabaka. Hakuna mhandisi aliyeandika amri ya kuwatenga maskini; mashine inarudia tu ilichokikuta kwenye orodha, na kila ukikubali pendekezo moja, linalofuata linafanana nalo zaidi.

Kwenye matangazo, hali ni nzito zaidi, maana hapo kuna ajira na nyumba. Mwaka 2018 lilichapishwa ombi la hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) la Facebook lililoeleza jinsi ya kumkadiria mtumiaji kuwa wa tabaka la wafanyakazi, la kati au la juu kwa kutazama elimu, umiliki wa nyumba na idadi ya vifaa vyake. Ombi la hataza si ushahidi kwamba mbinu inatumika, lakini linaonyesha tabaka linavyoweza kusomeka bila kuulizwa kipato. Machi 2019, baada ya kushtakiwa na mashirika ya haki, kampuni hiyo ilikubali kwamba matangazo ya ajira, nyumba na mikopo nchini Marekani yasilengwe tena kwa umri, jinsia au eneo la posta. Mwaka huohuo watafiti waliweka matangazo ya kazi bila kubagua hadhira yoyote. Tangazo la keshia wa supamaketi likaonyeshwa kwa hadhira ambayo 85% walikuwa wanawake. Uteuzi huo ulifanywa na mfumo wenyewe.

Kifaa nacho ni mpaka. WhatsApp ilizima huduma kwenye simu za Nokia S40 tarehe 31 Desemba 2018, na Oktoba 2023 ikataka Android 5.0 kwenda juu. Simu inaweza kuwa nzima, chaji inakaa, mwenye nayo yupo palepale, na bado akatoweka kikundini.

Niseme na letu. Miaka michache iliyopita kitengo chetu kilitangaza mafunzo ya bure kwa vijana wasio na kazi. Tulibandika tangazo kwenye ukurasa wetu wa LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na taaluma, na kuambatisha fomu ya PDF yenye kurasa nne, tukarudi viti vyetu. Waombaji wengi walikuwa na shahada, na baadhi tayari walikuwa na ajira. Siku ya mwisho alikuja binti mmoja na simu yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha skrinishoti ya tangazo letu. Ilikuwa imepita mikononi mwa watu wengi kiasi kwamba maandishi yamefifia, na aliyeikata kwanza alikuwa ameondoa mstari wenye tarehe. Faili lenyewe lilikuwa halifunguki kwenye simu yake. Alikuja kuuliza kama muda umeisha. Ulikuwa umebaki saa moja na nusu.

Mwaka uliofuata tuliandika tangazo kama ujumbe wa kawaida, bila faili, tarehe ya mwisho ikiwa mstari wa kwanza, tukawapa watu kumi wasiofanana na sisi na kuwaomba wausambaze. Kwenye fomu tukaongeza swali: umepata wapi habari hii? Tulitarajia majina ya mitandao, ndiyo sababu tuliacha nafasi fupi. Wengi waliandika hadi pembeni mwa karatasi: mama mdogo, fundi wa jirani, mwalimu wangu wa zamani, kiongozi wetu wa kwaya.