Mabibo yakianza kuanguka: pombe na vijana wa Mtwara na Lindi

Kuanzia Oktoba, mikorosho ya Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Nachingwea inapoangusha mabibo, pombe haihitaji tena kwenda dukani. Bibo likikamuliwa na maji yake kuachwa yachachuke, uraka uko tayari. Ukipikwa mvuke wake ukatoneshwa, unapatikana nipa. Baadaye malipo ya minada ya korosho yanaingia, na kijana aliyesaidia kuokota korosho ana hela mfukoni. Kwa hiyo mpango wa kinga unaoanza Desemba umeshachelewa. Shule, zahanati na wazazi waanze Septemba.

Ubaya wa uraka ni kwamba haupimiki. Bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi. Uraka hauna lebo, na chachu inaendelea kugeuza sukari kuwa kilevi hata baada ya kuuzwa. Kikombe cha asubuhi kitamu kama juisi. Cha jioni, kutoka ndoo ileile, kinalevya. Kijana wa kilo 40 akinywa sawa na mtu mzima wa kilo 70, damu yake inabeba kilevi kingi zaidi.

Wazazi wengi huona afadhali kumwonjesha mtoto nyumbani ili asiende kujificha vichakani. Watafiti wa Australia waliwafuatilia vijana 1,927 kwa miaka sita, na matokeo yao ya mwaka 2018 hayakuona kinga yoyote katika kuonjeshwa na mzazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1997 nao ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani, dhidi ya kama asilimia 10 ya walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba umri ndio chanzo, maana ukoo na maisha magumu navyo vina mkono. Hata hivyo, kuchelewesha kikombe cha kwanza ni lengo ambalo familia yoyote inalimudu.

Viboko na hotuba ya vitisho mara moja kwa mwaka havisaidii sana. Kijana wa miaka 14 haogopi ini la uzeeni. Anaogopa kuchekwa leo na wenzake. Ukimwambia "vijana wote siku hizi walevi", umemfanya aone amebaki nyuma. Kinachosaidia ni mazoezi ya kukataa, yarudiwe kwa wiki kadhaa, vijana wakiigiza wenyewe. Pia mazingira yabadilike. Iceland, vijana wa miaka 15 na 16 waliokunywa hadi kulewa ndani ya mwezi uliopita walishuka kutoka asilimia 42 mwaka 1998 hadi 5 mwaka 2016. Huko serikali iligharamia michezo, jambo ambalo kijiji hakiliwezi kirahisi, lakini wazazi pia walikubaliana saa ya watoto kurudi nyumbani, na hilo halina bei. Hapa kwetu makubaliano ya kwanza yawe kutomtuma mtoto kununua wala kuuza pombe. La pili liwahusu makungwi na manyakanga, ambao vijana huwasikiliza kuliko mwalimu: sherehe ya jando au unyago isimpe mtoto kikombe.

Zahanati inaweza kumpima kijana kwa maswali sita, akiwa peke yake, mzazi akisubiri nje. Je, amewahi kupanda bodaboda au gari linaloendeshwa na mtu aliyekunywa, au yeye mwenyewe kuendesha akiwa amekunywa? Hunywa ili atulie au akubalike? Hunywa akiwa peke yake? Husahau aliyoyafanya? Ndugu au rafiki wamemwambia apunguze? Amewahi kupata matatizo kwa sababu ya pombe? "Ndiyo" mbili au zaidi zinataka mazungumzo ya kina. Mbele ya mzazi utapata "hapana" sita, na kipimo kimeharibika.

Mazungumzo ya dakika 10 hadi 15 yanatosha kuanzia: muulize anapenda nini katika pombe, imemgharimu nini, kisha achague lengo mwenyewe na kurudi baada ya wiki mbili. Asipopunguza kunywa, familia nzima iingizwe, na ichunguzwe kama kuna huzuni, ukatili au kuonewa nyuma ya unywaji. Dawa za kuacha pombe zimefanyiwa utafiti zaidi kwa watu wazima. Disulfiram, dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe, isichanganywe kwa siri kwenye chakula: ikikutana na pombe inaweza kushusha shinikizo la damu kwa hatari.

Anayekunywa kila siku asikatishwe ghafla nyumbani. Kutetemeka na jasho huanza saa chache baada ya kikombe cha mwisho, na degedege inaweza kufuata ndani ya siku mbili. Apelekwe hospitali, ambako diazepam, dawa ya kutuliza, hutolewa kwa usimamizi, na vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari.

Aliyezimika kwa pombe alazwe kwa ubavu, asiachwe peke yake wala kupewa kahawa au kumwagiwa maji. Akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, ni dharura. Kwa nipa iliyoongezwa spiriti ya viwandani, dalili zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 24: macho kuona ukungu, tumbo kuuma, pumzi za haraka. Akiamka asubuhi akilalamikia macho, msidhani ni uchovu wa pombe. Aende hospitali saa hiyohiyo, na pombe iliyobaki ibebwe.