SCP haimpi mtu ruhusa

Palipo na akaunti nyingi za wingu hapakosi mtu wa kusema, "Huyo nimeshampa ruhusa kwenye SCP." Hujampa.

SCP, yaani sera ya udhibiti wa huduma, ni kanuni ya AWS Organizations (huduma ya wingu la Amazon ya kusimamia akaunti nyingi kama shirika moja) inayoweka kikomo cha yanayoweza kuruhusiwa katika akaunti wanachama. Unaibandika kwenye mzizi wa shirika, kwenye kundi la akaunti au kwenye akaunti moja, na waliomo chini yake wanabanwa. Basi.

Kinachowapoteza wengi ni neno Allow, kwa kuwa hata humo linaandikika. Allow ya SCP inasema tu kwamba jambo hilo halijazuiwa kutoka juu. Ruhusa yenyewe hutoka kwenye sera za IAM, mfumo wa AWS wa kugawa ruhusa ndani ya akaunti, au za rasilimali inayoguswa, na mtumiaji hupata yale tu yaliyokubaliwa pande zote mbili. Msanidi programu akipewa na IAM haki ya kufuta ndoo za S3 (hifadhi ya mafaili ya AWS) ilhali SCP inakataza, atagonga mwamba hata akiwa msimamizi wa akaunti nzima. Kinyume chake ndicho kinachosahaulika: SCP ikiruhusu ilhali IAM haijampa, hapati kitu. Ukiwasha SCP, AWS hubandika yenyewe sera iitwayo FullAWSAccess, na hiyo inaruhusu kila kitu. Ingekuwa SCP inagawa ruhusa, kila mtumiaji angekuwa msimamizi tangu siku hiyo, nanyi mngekuwa mmeshaibiwa.

Mtumiaji mzizi (root, mwenye uwezo wote ndani ya akaunti) wa akaunti mwanachama naye anabanwa, jambo ambalo sera zake za IAM haziwezi kumfanyia. Ila akaunti ya usimamizi, ile iliyounda shirika, haiguswi na SCP yoyote. (Wapo wanaoendesha mifumo yao humohumo, wakijiona wamekingwa na makatazo waliyoyaweka kwenye mzizi.)

Kwa hiyo, ndugu msimamizi, ukiombwa umwingize mtu kwenye akaunti kadhaa kwa mpigo, nenda IAM Identity Center, iliyokuwa ikiitwa AWS Single Sign-On hadi 2022. Hiyo ndiyo inayomtengenezea majukumu ya IAM (roles, yaani vitambulisho vyenye ruhusa zake) katika kila akaunti unayomkabidhi. SCP ifungue akishapewa na bado anakataliwa, utazame kama kuna katazo linalomzuia.