“Mwalimu, Picha Si Ni Hii Hapa?”

Siku ya wazazi muhula uliopita, hapa Nakuru, mzee mmoja alichomoa simu mfukoni akanionyesha basi likisombwa na mto. “Hii ni ya leo asubuhi, mwalimu. Si unajionea mwenyewe?” Nilijionea. Mlango wa abiria ulikuwa upande wa kulia. Basi gani la Kenya hushusha watu katikati ya barabara?

Nafundisha watoto kuchunguza habari, na dhana hii kwamba picha haidanganyi ndiyo inayonichosha kuliko zote. Picha nyingi zinazopotosha hazijaguswa hata kidogo. Mafuriko ni ya kweli, basi ni la kweli, ila ni ya nchi nyingine au ya mwaka mwingine. Kilichoghushiwa ni yale maneno mawili matatu yaliyobandikwa chini. Kwa hiyo kumfundisha mtoto kuhesabu vidole vya watu pichani ili atambue picha iliyotengenezwa na akili bandia ni sawa, lakini si pa kuanzia. Aanze na haya: ilipigwa wapi, lini, na nani aliitoa kwanza?

Wanafunzi wangu nawagawia picha iliyochapishwa kwenye karatasi, bila maelezo. Wanatazama magari yanapita upande gani, vibao vya maduka vimeandikwa lugha gani, kivuli kimelalia wapi. Mara moja niliwapa picha iliyosambazwa kuwa ya Njoro, mwezi wa tano. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma, ambaye kwa kawaida hainui mkono, akasema: “Mahindi yamekauka.” Kweli, nyuma ya nyumba iliyozama palikuwa na shamba lililo tayari kuvunwa, na mwezi wa tano mahindi ya Njoro bado ni machanga. Tulipoitafuta kwa Google Lens, zana ya kutafutia picha mtandaoni, kwenye maabara ya kompyuta, tulikuta ilikuwa mtandaoni tangu mwaka uliotangulia. Lakini kesi alikuwa ameshaimaliza yeye, na hakutumia hata bando.

Dhana nyingine ninazozisikia: “Imefowadiwa na watu wengi, haiwezi kuwa uongo.” Ile mishale miwili ya WhatsApp inamaanisha ujumbe umepita mikono mitano au zaidi, na tangu Aprili 2020 huwezi kuutuma kwa zaidi ya gumzo moja kwa wakati mmoja. Yaani wenye programu wenyewe wanautilia shaka, wewe unaupokea kama wosia.

“Ina nembo ya gazeti.” Kurasa bandia za mbele za Daily Nation na The Standard huzunguka kila msimu wa uchaguzi. Nembo ni ya kunakili tu. Fungua tovuti ya gazeti lenyewe.

“Chombo kikubwa hakikosei”, na pacha wake, “vyombo vyote ni vya uongo.” Alfajiri ya 29 Aprili 2024, maji yalipoua watu Mai Mahiu, habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba handaki la maji chini ya tuta la reli liliziba kwa mawe, miti na udongo, maji yakajaa nyuma yake hadi yakapasua. Shule zilipofunguliwa 13 Mei, nusu ya darasa langu bado walikuwa wanasema bwawa. Maelezo mapya yalitangazwa na vyombo vilevile vilivyotangaza yale ya kwanza, ila wao walikuwa wameacha kusikiliza siku ya kwanza. Asiyeamini chochote naye hana tofauti: wote wawili wamekataa kurudi kuangalia.

Ndiyo sababu kila mwanafunzi wangu ana daftari la penseli. Habari ya siku ya kwanza huandikwa kwa penseli, pamoja na saa na ilikotoka. Ijumaa tunairudia, kilichosimama kinapitishiwa kalamu, kilichoanguka kinafutwa na sababu inaandikwa pembeni. Mzazi mmoja alilalamika kwamba daftari la mwanawe limechakaa kwa kufutwafutwa. Nilimwambia anunue raba nyingine.