Kani na mwendo: kwa nini nahodha hutua tanga kabla ya kufika gatini

Mashua inayotoka Shela ikikaribia gati la Lamu mjini, tanga hutuliwa mapema, chombo kikiwa bado mbali na ngazi. Sehemu iliyobaki huenda chenyewe, usukani tu ndio unaoshughulishwa. Ukimuuliza abiria ni nini kinachokisukuma wakati huo, huenda akakwambia ni nguvu ya upepo iliyobakia ndani ya chombo. Jibu linaingia akilini, ila si sahihi. Hakuna kinachokisukuma. Kani, yaani msukumo au mvuto wa kitu kimoja kwa kingine, haihitajiki ili kitu kiendelee kwenda. Huhitajika pale tu mwendo unapotakiwa kubadilika: kuanza, kuongezeka, kupungua au kupinda.

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya mwendo. Kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje iingilie. Tabia hiyo ya kung'ang'ania hali huitwa inesha. Watu walichelewa kuikubali kwa sababu nchi kavu inaificha: mkokoteni wa punda ukiacha kuvutwa mchangani husimama papo hapo, nasi tukadhani kusimama ndiyo desturi ya vitu, kumbe ni msuguano unaofanya kazi kimyakimya. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kila kinachokwenda lazima kiwe na cha kukiendesha. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, tayari alikuwa ameandika kwamba kitu kilichorushwa hakipotezi mwendo wake chenyewe, bali huzuiwa na vitu vya nje kama hewa. Mwitaliano Galileo akaja baadaye na majaribio ya mipira kwenye mbao za mteremko, na mwaka 1687 Mwingereza Isaac Newton akazichapisha sheria zote tatu pamoja, kwa Kilatini.

Sasa tufike panapowakwamisha wengi, hata waliofaulu mtihani wa fizikia. Kusi imekaza, tanga limejaa, chombo kinakata maji kwa kasi isiyopanda wala kushuka. Je, msukumo wa upepo unaushinda ukinzani wa maji? Karibu kila mtu atasema ndiyo, ama sivyo chombo kisingekwenda. Lakini kani hizo mbili ziko sawasawa. Upepo ulizidi mwanzoni, tanga lilipotwekwa, ndiyo maana kasi ikapanda. Ila kasi inapopanda, ukinzani wa maji nao hupanda, tena kwa pupa zaidi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani hukaribia mara nne. Mwisho vinalingana, jumla ya kani inakuwa sifuri, na chombo kinabaki na kasi kiliyokwisha kuipata. Upepo ukichacha, usawa unavunjika kwa muda, kasi inapanda tena hadi vilingane upya. Ukilegea, ukinzani ndio unaozidi na chombo kinapunguza mwendo. (Mabaharia wanaokaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa upepo nao wanasawazisha kani, ila zile za kukipindua chombo. Hiyo ni habari nyingine.)

Sheria ya pili ndiyo yenye hesabu: kani ni tungamo mara mchapuko. Tungamo ni wingi wa maada iliyomo kwenye kitu, hupimwa kwa kilo. Mchapuko ni jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde. Kani ya newton 1 huifanya kilo 1 iongeze kasi ya mita 1 kwa sekunde katika kila sekunde. Chukua chombo chenye jumla ya kilo 400 kinachosukumwa kwa pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo, kwa kani ya newton 200. Tukiuacha ukinzani wa maji kando, baada ya sekunde 3 kitakuwa na kasi ya mita 1.5 kwa sekunde. Kipakie mawe hadi jumla ifike kilo 2,000, sukuma vilevile kwa sekunde zilezile: utapata mita 0.3 tu kwa sekunde. Mpiga pondo hana haja ya kalamu kulijua hilo, mabega yake yanamwambia.

Hapa ndipo uzito na tungamo vinapoachana. Uzito ni kani ya dunia kukivuta kitu chini, karibu newton 9.8 kwa kila kilo. Chombo kinachoelea kimebebewa uzito wake wote na maji, na bado ni shida kukianzisha, na shida zaidi kukisimamisha. Tuseme chombo cha kilo 2,000 kinakuja gatini kwa mita 2 kwa sekunde na ukinzani wa newton 200. Kitasimama baada ya mita 20. Kikiwa cha kilo 6,000, kwa ukinzani huohuo, kitahitaji mita 60. Kwa kweli hesabu ni chafu kuliko hivyo, kwani chombo chenye shehena huzama zaidi na kukinzwa zaidi, na ukinzani hupungua kadiri kasi inavyopungua. Lakini ndiyo sababu jahazi la mchanga hutua tanga mbali kuliko mashua tupu, na ndiyo sababu hutakiwi kuweka mguu kati ya jahazi na gati ukidhani utalizuia.

Sheria ya tatu: kitu kikikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa kani ileile kuelekea upande wa pili. Mwenye kilo 60 akiruka kutoka mtumbwi wa kilo 120 kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, mtumbwi unarudi nyuma kwa mita 1 kwa sekunde, na asiyezoea huishia majini. Akiruka vivyo hivyo kutoka jahazi la kilo 12,000, jahazi linarudi kwa sentimita 1 kwa sekunde, hakuna atakayeona. Kani ni zilezile kwa pande zote mbili, tofauti ni tungamo.

Wanafunzi huuliza: ikiwa kani zinalingana, kwa nini zisifutane, pasiwe na mwendo wowote? Kwa sababu haziko juu ya kitu kimoja. Mtu akiwa gatini anavuta chombo kwa kamba, kamba inakivuta chombo kuja kwake na kumvuta yeye kuelekea majini kwa kani hiyohiyo. Chombo hakina cha kushikilia zaidi ya maji, kwa hiyo kinakuja. Yeye nyayo zake zimeshikwa na msuguano wa saruji, kwa hiyo anabaki. Msimamishe juu ya mwani wenye utelezi, atakifuata chombo. Msimamishe ndani ya mashua nyingine inayoelea, vyombo vyote viwili vitakaribiana, na chepesi ndicho kitakachotembea zaidi.